Mshono wa Dakika ya Thelathini na Moja

Jumamosi hiyo Mizani alikwenda kwa kinyozi akiwa hana hata unywele wa kunyoa. Alikuwa amenyolewa Alhamisi, na kinyozi huyohuyo, lakini alikaa kwenye benchi karibu na mlango kama mtu anayesubiri zamu yake, akaomba redio iongezwe sauti kidogo. Watu wa mtaa ule walijua kwamba karani huyu wa stoo ya mabati ni dijei. Walijua kwa sababu alikuwa akiwaambia. Hata jina la Mizani alijipa mwenyewe, kisha kwa miaka mingi akawa anajifanya hakumbuki nani alimpa.

Redio ya mtaa ilikuwa inatafuta dijei mmoja wa kudumu wa kipindi cha Jumamosi saa tisa alasiri, saa nzima ya nyimbo zinazopokezana bila kukatika. Madijei watatu walikuwa wakijaribiwa kwa zamu, kila mmoja akirekodi miksi yake nyumbani na kuipeleka kituoni ndani ya flashi. Leo ilikuwa zamu ya Mizani. Alikuwa amelitaka jambo hili kwa miaka kumi, tangu anunue kompyuta kuukuu yenye feni inayokoroma, na huko kulitaka kulikuwa kumeanza kumzeesha.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ilipokaribia nusu saa, Mizani akashika ukingo wa benchi, maana alijua kinachokuja. Alipokuwa akirekodi, dakika ya thelathini na moja aliteleza. Wimbo uliotakiwa kupokea uliingia kabla ya wakati wake, ngoma za nyimbo mbili zikakanyagana kwa sekunde kama nane. Aliligundua kosa hilo siku ileile ya kurekodi, akalinyamazia, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kurudia saa nzima. Alijiambia wasikilizaji hawana masikio.

Lakini sasa redioni ngoma hazikukanyagana. Zilitoweka. Likabaki gitaa peke yake na mwimbaji akivuta neno moja, ikapita pumzi, halafu wimbo wa pili ukatua wote kwa pamoja, besi na kila kitu, mahali pake hasa. Kinyozi akazima mashine yake. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akageuka kuitazama redio.

"Hapo," kinyozi akasema. "Hapo umefanya nini, Mizani?"

"Kazi tu."

"Miaka yote nakusikiliza, hujawahi kufanya hivyo."

"Nilikuwa nimeficha."

Watu walicheka, wakampiga mabega. Naye akacheka pamoja nao. Ile haikuwa kazi yake. Kuna mtu alikuwa ameingia ndani ya saa yake akaigusa, na pale alipogusa ndipo palipopendeza kuliko pengine pote.

Alivumilia hadi wimbo wa mwisho ili apokee pongezi, kisha akaenda nyumbani kwa hatua ndefu.

*

Walikaa vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya Mizani, juu yake kompyuta, spika mbili na mashine ya kumiksia, na mita mbili kutoka hapo cherehani la mkewe, fundi wa sare za shule. Katikati yao kilikaa kiti cha mama yake Mizani, ambaye alipenda kukaa mahali asipopitwa na neno. Miaka minne sasa mke alikuwa akishona ameelekea zile spika, atake asitake.

"Nani amegusa kompyuta?"

"Mimi." Mkewe hakuinua macho. Alikuwa amebana pini mbili kwenye kona ya mdomo. "Si ulinituma nihamishie miksi kwenye flashi niipeleke redio? Nikaisikiliza kwanza. Pale katikati mshono ulikuwa umefumuka, nikaushona."

"Ukaushona."

"Nilitoa ngoma za huyu wa kwanza, nikamwacha amalize neno lake, ndipo nikamwingiza mwenzake. Nakuona ukifanya kila siku. Na ile programu ina picha ya mkasi, hata mtoto angejua pa kubonyeza."

"Hukuniambia."

"Ulirudi umechoka. Kwani pameharibika?"

Hilo ndilo swali ambalo Mizani hakutaka kuulizwa. Alisimama katikati ya chumba na funguo mkononi. Mama yake, aliyekuwa akiitafuta miwani yake huku imekaa kichwani pake, akaacha kutafuta.

"Mwanangu, mtu akikuuliza pameharibika au hapakuharibika, unajibu moja."

"Hapakuharibika, Mama."

"Basi mwambie ahsante tukae kwa amani."

Alisema ahsante, lakini aliisema akiwa ameshageuka kuelekea chumbani, kwa hiyo haikumfikia mtu sawasawa. Mtu anayemwonea wivu jirani anaweza kufunga mlango akapumzika. Wivu wa Mizani ulikuwa unalala naye kitanda kimoja, na kumwuliza kama anahitaji mto wa pili.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, akiwa amerudi nyumbani mara moja, simu ikaita. Alikuwa bosi wa vipindi, mama asiyependa maneno mengi.

"Mizani, ile dakika ya thelathini na moja. Nataka saa nzima iwe na mkono ule. Zamu yako ya mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya hapo nachagua."

"Sawa, Bosi."

"Ile ulibuni mwenyewe?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa na chumba kilikuwa kidogo. Mguu wa mkewe ulikuwa umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

"Mwenyewe," Mizani akasema.

Cherehani likaanza tena. Mkewe akasogeza kola nyingine chini ya sindano. Mizani angependa agombe, maana ugomvi ungempa na yeye neno la kusema.

*

Wiki nzima alijaribu kuitengeneza ile dakika kwa mkono wake. Alitoa ngoma akaacha gitaa, ikasikika kama umeme umekatika. Aliacha sauti tupu ya mwimbaji, ikawa kama mwimbaji amesahauliwa stendi. Aliifungua kazi ya mkewe kwenye skrini, akayapima yale mawimbi ya sauti, akaona mkato ulipoanza na ulipoishia, akauiga vilevile kwenye nyimbo nyingine. Vipimo vilikuwa sawa kabisa, na ladha haikuwepo.

Ndipo alipogundua jambo la mdomo. Mkewe akiwa anashona, nyimbo mbili zikipokezana vibaya, hata kwa kiasi kidogo sana, upande wa kushoto wa mdomo wake ulivutika. Zikipokezana vizuri, mdomo ulitulia. Mwenyewe hakuwa na habari. Mizani alimjaribu mara ishirini, akiharibu hapa kwa makusudi na kutengeneza pale, na mdomo haukukosea hata mara moja. Mara mbili ulivutika mahali ambapo yeye hakusikia kosa lolote. Alirudi akasikiliza polepole, akalikuta kosa limekaa pale linamngoja.

Basi akawa anamiksi jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye mdomo wa mkewe. Kila ulipovutika alimchukia. Kila mkewe alipoinamia kitambaa akawa haonekani uso, Mizani alibabaika na mikono ikakosa pa kushika.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nani anakutazama?"

"Miaka yote nimekaa na pini mdomoni, leo ndiyo umeziona?"

Jumapili akaleta kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, akamwomba amshonee pazia.

"La dirisha gani?"

"La hapa katikati. Maiki inachukua mwangwi wa ukuta. Pazia linauzuia."

Mkewe akapima, akakata, akapinda, akatia pete. Alilipiga pindo likanyooka kama mstari wa daftari, kwa sababu kushona vibaya hakukuwa katika mambo anayoyajua. Lilipotundikwa ndipo alipoona limekatiza wapi. Cherehani lilikuwa upande mmoja pamoja naye, na dirisha lilikuwa upande wa pili pamoja na kompyuta.

"Mwanga umebaki kwako," akasema.

"Utawasha taa."

"Nitawasha taa mchana, kwenye nyumba yangu, kwa ajili ya mwangwi."

Mizani akajifanya anakaza waya. Alimwomba pia asikanyage cherehani yeye anapokuwa mezani, kwa hiyo kila alasiri fundi huyu alikaa nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, akitia vifungo kwa mkono, na huku sare za shule zinangojwa na wenyewe. Hapo alikuwa haonekani, si uso wala mdomo.

Siku iliyofuata mumewe akiwa kazini, alitaka kuweka nyimbo aanze kazi. Kompyuta ikamwomba neno la siri. Alimsubiri hadi aliporudi.

"Hili limetoka wapi?"

"Virusi," Mizani akasema. "Siku hizi lazima mtu ajikinge."

"Virusi ndio mimi?"

"Nimesema virusi."

"Na mimi nimo?" mama mtu akauliza kutoka kitini. "Maana nilikuwa nasikiliza kwaya yangu humo, na sijamwambukiza mtu."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko ya Mizani. Mkewe alitoka mapema mchana na furushi la sare kuzipeleka shuleni, na yeye akakaa kurekodi. Alikuwa na desturi ya kurekodi saa nzima kwa mkupuo mmoja bila kusimama, kama wafanyavyo mbele za watu. Orodha ya nyimbo zake kumi na saba aliiandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye kona ya skrini. Akafungua maiki, akasema kwa sauti aliyoifanyia mazoezi, "Hii ni saa ya Mizani, kila kitu sawasawa," kisha akanyoosha mkono aifunge.

Wakati huohuo mama yake alisukuma mlango polepole, akachungulia kuuliza kwa macho kama anaruhusiwa kukaa ndani ya nyumba ya mwanawe. Mizani akampungia mkono aingie, akarudi kwenye ngoma zilizokuwa zinamkimbia. Maiki akaisahau. Kwenye hedfoni hakuweza kuisikia, kwa sababu siku nyingi alikuwa amezuia sauti ya maiki isiingie humo, maana sauti yake mwenyewe humchanganya. Kwenye skrini kuna kimstari cha kijani ambacho kingemwonyesha, nacho kilikuwa chini ya ile karatasi.

Dakika ishirini na kitu zikapita. Ukafika wimbo mrefu ambao hauna kazi, unauacha ujiendee. Mizani akateremsha hedfoni shingoni. Mama yake akakohoa.

"Mwanangu, hili pazia ni la mwangwi kweli?"

Mizani akalitazama pazia. "Si la mwangwi, Mama."

"Nilijua. Sijawahi kuona mwangwi unashonewa nguo."

Wimbo ulikuwa umefika kwenye sehemu yake ya gitaa, ngoma zimekaa kimya. Mizani aliinamisha kichwa, na kwa kuwa mama mtu hafichwi, akasema lililokuwa linamla.

"Yule mke wangu ana sikio ambalo mimi sina. Nimelitafuta miaka kumi, yeye amelipata huku anashona kola."

"Sasa hiyo si bahati ya nyumba?"

"Si bahati yangu. Watu wakijua, mimi nitakuwa nani? Karani wa mabati. Bora miksi iharibike ikiwa yangu kuliko ipendeze ikiwa yake."

Mama akaiweka fimbo chini. Alikuwa amemzaa, akamlea na kumwoza, na hakuwahi kumsikia akisema neno baya kama hilo kwa sauti ya upole namna ile.

"Na mwenzako anajua unamwonea wivu?"

"Hajui. Na asijue."

Wimbo ulikuwa unakaribia kuisha. Akarudisha hedfoni masikioni, akaendelea.

Kesho yake jioni aliikagua kazi yake kwa namna madijei wengi wanavyokagua. Aliruka kutoka mapokezano hadi mapokezano, sekunde kumi na tano kabla na kumi na tano baada. Katikati ya nyimbo hakupita. Nyimbo zenyewe alizijua kwa moyo, na kwake yeye kosa linakaa pale nyimbo zinapokutana tu. Mapokezano yalikuwa kumi na sita. Hakuna lililoteleza, na hakuna lililopendeza. Alilijua hilo la pili, likamkosesha hamu ya chakula, lakini hakuinuka kumwita mtu aliye nyuma ya pazia.

Jumamosi asubuhi, akienda kazini, alimkabidhi mkewe flashi.

"Ifike kabla ya saa sita. Usiifungue popote."

"Nitaifungulia wapi," mkewe akasema, "na nyumbani kuna virusi?"

*

Kituo cha redio kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la dawa. Fundi mitambo, mtu mchangamfu aliyemjua Mizani tangu zamani, alimpokea na kebo begani.

"Karibu, shemeji. Umekuja wakati mzuri. Nipande juu ya paa mara moja nikaze waya. Nisaidie kusikiliza hii, pakikwaruza niandikie dakika."

Akamkalisha kwenye kiti chake, akamvisha hedfoni, akaondoka. Ilikuwa programu ileile ya nyumbani, mkasi uleule. Mkewe Mizani akasikiliza, mikono imekaa mapajani. Nyimbo zilipokezana kwa usalama, kama watu wanaosalimiana wasiojuana. Alimwonea mumewe huruma kidogo. Kisha chini ya wimbo mmoja akasikia kikohozi anachokijua.

Akasogeza hedfoni masikioni. Alisikia habari za mwangwi na nguo. Alisikia yote, hadi "asijue."

Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena mara ya tatu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Alichotakiwa kufanya ni kuvua hedfoni na kwenda zake. Saa tisa mtaa mzima ungesikia, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa wazazi wa watoto aliowashonea sare, na hakuna ambaye angemlaumu, maana yeye ni tarishi tu wa flashi. Kwa dakika nzima alilitaka jambo hilo. Naye alikuwa na wivu wake ambao hakuwahi kuusema. Miaka yote jina la Mizani lilitangazwa kwenye miksi zake kila baada ya nyimbo tano, na lake halikutajwa hata na anayetembea amevaa kazi yake.

Ile sentensi ya kuharibika na kupendeza ilimchoma. Hakujidanganya kuhusu hilo. Lakini iliyomkaa moyoni ni ile ya kwanza, ya sikio. Katika ndoa yao yote mume huyu hakuwahi kumpa sifa kama ile, na aliitoa akidhani mwenyewe hayupo.

Maneno yalikuwa yameshaingia ndani ya wimbo, hayawezi kutolewa bila kukata na wimbo wenyewe. Akashika kipanya. Akakata kuanzia kikohozi hadi gitaa linapoanza, akaunganisha. Ile sehemu ya gitaa akaiacha, na juu yake akaacha sauti ya mumewe: mke, sikio, miaka kumi, kola. Baada ya kola akakata tena, yote yaliyofuata, na kwenye silabi ileile ya mwisho akauingiza wimbo unaopokea, ngoma na besi kwa pamoja. Akausikiliza mshono mara moja. Hakuona haja ya mara ya pili.

"Unafanya nini, shemeji?" Fundi mitambo alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la paa.

"Kulikuwa na kikohozi, nimekitoa. Imepungua kama dakika mbili."

"Tangazo la sabuni litajaza." Akaichukua hedfoni, akasikiliza pale, akarudia. "Hii sauti ni ya Mizani."

"Ni yake."

"Naona. Mkono ndio nauliza." Alimtazama. "Na ile ya dakika ya thelathini na moja?"

"Nina sare za kumalizia, shemeji," akasema, akachukua mkoba wake.

Kabla ya kufika mlangoni alirudi, akaomba kitu kimoja zaidi, kwamba vile vipande alivyokata avihamishie kwenye flashi yake.

*

Saa tisa Mizani alikuwa kwenye benchi lake. Kinyozi, ambaye hakuwa mjinga, hakumwuliza habari za nywele.

Miksi ilikwenda, na duka likaendelea na mazungumzo yake juu ya bei ya viatu. Hakuna aliyezima mashine. Mizani akaanza kuhesabu visingizio. Kisha ngoma zikakaa kimya, gitaa likaanza, na redio ikasema kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya mazoezi, ile ya nyumbani, "Yule mke wangu ana sikio ambalo mimi sina."

Maiki, akawaza. Alijua kinachofuata, neno kwa neno. Alisimama, akapita mbele ya mteja, akanyoosha mkono aizime redio. "Nimelitafuta miaka kumi, yeye amelipata huku anashona kola." Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Ngoma zikatua. Wimbo mwingine ulikuwa umeingia, umenyooka, na lile neno lililofuata halikuja.

Alibaki amesimama na kidole mbele ya redio. Mashine ya kunyolea ilikuwa imezimwa, hata hajui imezimwa saa ngapi.

"Huyu ni mwanamume," akasema mteja mmoja. "Mimi wangu nikimsifia hata chumbani, ananiuliza nimefanya kosa gani."

Watu wakacheka. Kinyozi hakucheka. "Leo nakunyoa bure, Mizani."

"Sina nywele," Mizani akasema.

Aliketi. Alikuwa ameelewa. Kuna mtu aliyesikia yote, akamshika yeye mzima mkononi, akakata lile ambalo lingemuua na kuliacha lile la kumheshimisha. Na hata katika aibu hiyo, aibu iliyomfanya ashindwe kumtazama mtu usoni, kuna sehemu yake iliyokuwa imeusikiliza ule mshono baada ya kola, ikauonea wivu.

Simu ikaita. Kinyozi akapunguza redio kwa heshima, na duka zima likatega sikio.

"Mizani, Jumamosi ni yenu," akasema bosi wa vipindi.

"Yetu?"

"Wewe na mwenye sikio. Fundi wangu ameniambia nani alikaa kwenye kiti chake leo. Nakuuliza mara ya pili. Ile ya dakika ya thelathini na moja, ulibuni mwenyewe?"

Aliwatazama waliokuwa dukani, walewale waliompiga mabega. Kinyozi alikuwa anafuta mashine iliyokwisha kuwa safi.

"Hapana, Bosi. Ni kazi ya mke wangu."

"Nashukuru. Jumatatu mje wote wawili."

*

Nyumbani, pazia halikuwepo. Mama yake alikuwa amejifunika miguu nalo kitini.

"Mwangwi umepona," akasema. "Nimeliteremsha."

Mkewe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, pini mdomoni. Skrini ilikuwa inangoja.

"Neno la siri," akasema bila kugeuka.

Mizani angeona afadhali aulizwe jambo jingine lolote. "Mimitu," akasema hatimaye. "Unaandika pamoja."

Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mama mtu akacheka hadi miwani ikamshuka. Mkewe hakucheka. Alichomeka flashi.

"Ulisikia yote," Mizani akasema.

"Mara tatu."

"Na ile ya mwisho."

"Iko humu. Nimeihifadhi." Akaitoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Siku utakayomwambia tena Bosi 'mwenyewe', ninajua pa kuitia. Sasa vuta kiti."

Alivuta kiti. Wivu haukuwa umemtoka, alikuwa anausikia uko pale ndani, umechoka tu. Mkewe akaweka wimbo wa kwanza wa Jumamosi ijayo, ukaanza kwenda, na Mizani akaweka kidole kwenye kitufe cha wimbo wa pili. Safari hii aliutazama mdomo wa mkewe waziwazi.

"Hapo?"

Upande wa kushoto ukavutika. "Bado."

Alisubiri. Kusubiri kulimwia vigumu, mkono ulitaka kwenda wenyewe. Gitaa likapita, mwimbaji akavuta neno lake hadi mwisho.

Mdomo ukatulia. Mizani akabonyeza.